Rangi iliyozaliwa katika filamu za picha yageuka jicho la daktari mpasuaji

MGONJWA anayelazwa juu ya meza ya upasuaji ili aondolewe uvimbe wa saratani huyaweka maisha yake mikononi mwa daktari ambaye, licha ya elimu na mitambo yote aliyo nayo, bado hutegemea vitu viwili vya kale: macho yake na ncha za vidole vyake. Picha za eksirei na za mitambo mingine mikubwa huwa zilipigwa siku kadhaa kabla. Tumbo likishafunguliwa, viungo husogea, damu hutanda, na kipande cha saratani chenye ukubwa wa punje ya mtama hufanana na mafuta yanayokizunguka.

Daktari akikata kidogo mno, ugonjwa hubaki mwilini. Akikata kupita kiasi, huenda akajeruhi mshipa, neva au mrija ambao mgonjwa atauhitaji siku zake zote zilizosalia.

Katika pengo hilo ndimo rangi zinazong'aa kwa miale ya infraredi zilimojipatia kazi. Rangi hizi hudungwa mwilini kwa sindano, na zikimulikwa kwa mwanga maalum hutoa mwanga wao wenyewe, ambao jicho la binadamu haliuoni lakini kamera huuona bayana. Kongwe kati yazo ni indosianini ya kijani, ambayo iliidhinishwa kutumiwa kwa binadamu nchini Marekani mwaka wa 1959 na ambayo hadi leo haijapata mshindani kwa wingi wa matumizi katika jamii yake. Ajabu ni kwamba walioitafuta rangi hiyo hawakuwa na habari ya upasuaji wa saratani hata kidogo.

Tochi na kiganja

Anayetaka kufahamu kwa nini miale ya infraredi ndiyo iliyochaguliwa hahitaji maabara. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, akiwasha tochi na kuiziba kwa kiganja, vidole vyake vitaonekana vyekundu. Tochi hutoa mwanga mweupe, yaani rangi zote kwa pamoja. Himoglobini iliyomo katika damu humeza buluu na kijani, ikaiachilia nyekundu ipenye. Mwanga ukisogea mbele zaidi ya nyekundu, hadi pale jicho linapokoma kuona, hupenya vizuri zaidi.

Mwanga hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Jicho huona kuanzia takriban nanomita 400, ambako kuna zambarau, hadi 700, ambako nyekundu huishia. Kutoka 700 hadi 900 hivi, damu haimezi mwanga mwingi, nayo maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili, bado hayajaanza kuumeza kwa nguvu. Kupita hapo, maji hushika zamu. Basi baina ya damu na maji pana upenyo mwembamba ambao wataalamu wameuita dirisha, na kupitia dirisha hilo mwanga huweza kuingia ndani ya nyama na kurudi ukiwa na habari.

Hauendi mbali. Katika upasuaji, kamera huona milimita kadhaa chini ya uso wa kiungo, au sentimita moja hivi mambo yakiwa mazuri. Asiwepo wa kudhani kwamba hii ni eksirei ya pili.

Dirisha hilo lina fadhila nyingine. Mwili wenyewe una vitu vingi ambavyo hung'aa kidogo vikimulikwa kwa buluu au kijani, na mng'ao huo hufunika ule unaotafutwa. Katika infraredi mwili huwa karibu gizani kabisa. Ni kama nyota: huwa zipo adhuhuri, ila huonekana usiku.

Miale yenyewe si ngeni majumbani. William Herschel, mwanaastronomia aliyekuwa akiishi Uingereza, aliigundua mwaka wa 1800 alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo hapakuonekana mwanga wowote, na kipimo kikapanda. Rimoti ya televisheni hutumia miale hiyo hiyo. Mwenye simu ya kamera akiielekeza kwenye kitaa cha mbele ya rimoti huku akibonyeza kitufe, mara nyingi ataona nukta ikimetameta katika kioo cha simu ilhali macho yake hayaoni chochote. Kamera ya chumba cha upasuaji hufanya kazi kwa kanuni hiyo, japo kwa ustadi mkubwa zaidi.

Kutoka filamu hadi moyoni

Jamii ya sianini, ambayo indosianini ni mmoja wa wana wake, ilianza mwaka wa 1856. Mkemia Mwingereza Charles Greville Williams alipata rangi ya buluu ya kupendeza kutokana na mafuta yaliyotengenezwa kwa dawa ya maganda ya msinkona, mti ule ule unaotoa kwinini ya kutibu malaria. Wenye viwanda vya nguo waliifurahia kwa muda mfupi tu. Ilichujuka juani.

Unyonge huo wa kuathiriwa na mwanga ndio uliokuja kuwa nguvu yake. Mwaka wa 1873, Hermann Vogel aliyekuwa Berlin aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa na kemikali za filamu, filamu hupata uwezo wa kunasa mwanga ambao awali haikuuhisi. Filamu za zama hizo zilikuwa vipofu kwa nyekundu. Sianini zikawa watumishi wakuu wa upigaji picha, na wakemia wakajifunza kwamba kila waliporefusha mnyororo wa kaboni ulio katikati ya molekuli, rangi ilisogea takriban nanomita 100 kuelekea nyekundu na kuipita. Kufikia katikati ya karne ya 20, maabara za kampuni ya Eastman Kodak nchini Marekani zilikuwa na sianini nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya filamu za infraredi.

Wakati huo, mbali na viwanda vya filamu, madaktari wa Mayo Clinic mjini Rochester, jimbo la Minnesota, walikuwa na tatizo lao. Walitaka kujua moyo husukuma damu kiasi gani kwa dakika, hasa mioyo ya wagonjwa waliozaliwa na matundu au mishipa iliyokaa vibaya. Njia waliyoitumia ilikuwa kudunga rangi upande mmoja wa mzunguko wa damu na kupima inavyopungua ikifika upande wa pili. Lakini damu hubadilika rangi kulingana na oksijeni iliyobeba. Ikiwa nayo ni nyekundu ya kung'aa, ikiikosa hugeuka kuwa nyekundu nzito. Mashine haikuweza kutofautisha rangi iliyodungwa na mabadiliko ya oksijeni, na wagonjwa hao wa moyo ndio hasa ambao oksijeni yao ilibadilikabadilika.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa katika namba moja. Karibu na nanomita 805, damu yenye oksijeni na ile isiyo nayo humeza mwanga kwa kiasi kilekile. Rangi ambayo ingemeza mwanga mahali hapo hasa ingepimwa bila kujali oksijeni. Irwin Fox na Earl Wood wa Mayo Clinic waliwaendea Kodak, wakapewa rangi za kujaribu. Moja yazo ilikaa pale pale palipotakiwa. Walitangaza matokeo yao mwaka wa 1957, na miaka miwili baadaye Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikaipa kibali.

Kwa bahati, rangi hiyo ilikuwa na tabia njema kuliko walivyoomba. Ikiingia katika damu hushikamana papo hapo na protini, hususan albumini, hivyo haivuji nje ya mishipa. Haipiti katika figo. Ini peke yake ndilo huichukua na kuimwaga katika nyongo bila kuibadilisha, na kwa mtu mwenye ini zima, nusu ya rangi huwa imetoweka katika damu baada ya dakika 3 au 4. Hivyo daktari anaweza kuidunga, akaona anachotaka, akasubiri kidogo na kuidunga tena. Madaktari wa ini wakaigeuza kuwa mtihani: rangi inayosalia katika damu baada ya dakika 15 hueleza hali ya ini, na kwa hilo Wajapani waliishikilia kuliko wote.

Kisa cha Mjapani mmoja kinafaa kutajwa hapa, maana mwana wa rangi hii amefika hata kwenye zahanati zisizowahi kuisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alikuwa akijaribu kupima rangi hiyo kupitia ndewe ya sikio, bila kutoa damu. Mpigo wa damu ukawa unamvurugia hesabu. Alipojaribu kuuondoa usumbufu huo kwa kutumia mwanga wa pili, ambao rangi hiyo haiumezi, aligundua kwamba hesabu yake iliharibika kila oksijeni ya damu ilipobadilika. Kilichokuwa kero kikawa kipimo. Kufikia mwaka wa 1974 alikuwa amepata kanuni ya kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho wakazi wengi wa Afrika Mashariki walikifahamu wakati wa janga la Covid-19. Aoyagi alifariki Aprili 2020, janga lenyewe likiwa ndiyo kwanza linashika kasi.

Mng'ao wapata kazi

Hadi hapo, rangi hii ilikuwa ikitumiwa kwa namna inavyomeza mwanga. Kwamba pia huurudisha ukiwa umesogea kidogo, ikimeza karibu na nanomita 805 na kung'aa karibu na 830, ni jambo lililokaa bila kazi kwa muda mrefu.

Madaktari wa macho ndio waliotangulia. Katika miaka ya 1970, Robert Flower na Bernard Hochheimer wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliitumia kupiga picha koroidi, utando wenye mishipa tele ulio nyuma ya retina. Rangi ya zamani, fluoresini, iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka wa 1871, huonyesha vizuri mishipa ya retina lakini hushindwa huko nyuma: huvuja nje ya mishipa, na mng'ao wake wa kijani huzuiwa na weusi ulio nyuma ya retina. Infraredi hupita. Hata hivyo, kamera za wakati huo zilikuwa dhaifu, na ilibidi kungoja hadi miaka ya 1990 ndipo kipimo hicho kienee. Leo ndicho kinachotegemewa kutambua ugonjwa wa vivimbe vya mishipa ya koroidi ambao huwapata zaidi Waasia na watu wa asili ya Afrika kuliko Wazungu, na ambao ukikosa kutambuliwa huweza kupofusha.

Upasuaji ulifuata kamera zilipokuwa nyepesi na kali zaidi. Tabia zile zile tatu za rangi, yaani kubaki mishipani, kupitia kwenye ini na kuishia katika nyongo, kila moja ilijipatia kazi yake.

Katika upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo, hatari inayoogopwa zaidi ni kuukata mfereji mkuu wa nyongo kwa kudhani kuwa ni ule mdogo wa kifuko. Kosa hilo halitokei mara nyingi, lakini likitokea huweza kumfanya aliyeingia hospitalini kwa ajili ya vijiwe awe mgonjwa wa ini wa maisha. Rangi ikidungwa mapema kabla ya upasuaji, ini huimwaga katika nyongo, na mifereji huonekana iking'aa chini ya mafuta kabla kisu hakijagusa chochote.

Kugunduliwa kwa uvimbe wa ini kwa njia hii kulitokea kama sadfa. Wagonjwa wa Japani waliokuwa wakiandaliwa kwa upasuaji walidungwa rangi siku kadhaa awali ili ini lao lipimwe nguvu. Takeaki Ishizawa na wenzake walipoelekeza kamera ya infraredi kwenye maini hayo, waliona vivimbe vya saratani viking'aa. Seli za saratani ya ini zilikuwa zimeichukua rangi kama seli nyingine za ini, ila zikashindwa kuimwaga. Penye saratani iliyotoka kiungo kingine, kilichong'aa kilikuwa pete kuzunguka uvimbe, pale ambapo ini lililobanwa halikuweza kutoa nyongo yake. Waliyachapisha hayo mwaka wa 2009.

Manufaa makubwa zaidi pengine yako katika tezi za limfu. Saratani inapoanza kusambaa, mara nyingi hupitia kwanza tezi moja au mbili zilizo njiani. Tezi hizo zikipatikana na kuonekana kuwa safi, hakuna haja ya kuondoa nyingine zote, na mgonjwa huepuka kuvimba mguu au mkono, uvimbe ulio mfano wa matende na usio na tiba kamili. Kwa miaka mingi madaktari walitumia rangi ya buluu na kuitafuta kwa macho. Katika utafiti uliofanywa Marekani na Kanada kwa wanawake wenye saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa uzazi, ambao ulichapishwa mwaka wa 2018, indosianini ilionyesha asilimia 97 ya tezi zilizotolewa, ilhali rangi ya buluu ilionyesha asilimia 47. Mwaka huo huo FDA iliidhinisha matumizi hayo. Katika nchi kama Kenya, ambako saratani ya mlango wa uzazi ni miongoni mwa zile zinazoua wanawake wengi zaidi, tofauti hiyo si jambo dogo.

Pasipokubaliana

Si kila penye mng'ao pana faida iliyothibitishwa. Mfano mzuri ni utumbo. Daktari akiondoa kipande chenye ugonjwa, huunganisha ncha mbili zilizobaki. Ikiwa ncha moja haipati damu ya kutosha, kiungo hicho huweza kufumuka baada ya siku chache, uchafu ukamwagika tumboni, na hiyo ni ajali inayoua. Akili ya kawaida yasema kwamba kudunga rangi na kuhakikisha ncha zote mbili zimeng'aa kabla ya kuzishona kungepunguza maafa.

Matokeo yameleta utata. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka wa 2023, uliohusu saratani ya rektamu, ulionyesha kwamba viungo vilivyovuja vilipungua kutoka asilimia 11.8 hadi 7.6. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka wa 2024, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 900 wa upasuaji wa utumbo mpana, haukupata tofauti ya kutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu. Huenda faida ipo pale chini, kwenye rektamu, ambako damu ni haba, na haipo kwingineko. Pia daktari ndiye anayeamua kwa macho mng'ao upi unatosha, na hilo ni jambo ambalo wawili wanaweza kutofautiana wakitazama kioo kimoja. Juhudi za kuweka kipimo cha hesabu badala ya hukumu ya macho zinaendelea.

Kuna pia udhaifu wa kimsingi. Indosianini haijui saratani. Huenda damu inakoenda na hukwama inapokwama, iwe ni kwenye uvimbe, kwenye kovu au kwenye mahali palipovimba kwa maradhi mengine. Daktari asiyelikumbuka hilo atakata kisichostahili kukatwa.

Rangi zenye anwani

Wakemia walijibu kwa kuifunga rangi kwenye kitu kinachoipenda saratani. Seli nyingi za saratani ya ovari zina vipokezi tele vya foleti, ile vitamini inayopatikana katika mboga za majani na ambayo wajawazito hupewa kwa vidonge. Rangi ikishikizwa kwenye foleti, seli hizo huivuta ndani zenyewe. Mwaka wa 2011, wataalamu wa Uholanzi na Ujerumani walichapisha majaribio ya kwanza ya namna hiyo kwa wanawake wenye saratani ya ovari. Rangi waliyoitumia ilikuwa bado ya mwanga unaoonekana kwa macho. Ile ya infraredi, pafolasianini, iliyotokana na kazi ya Philip Low wa Chuo Kikuu cha Purdue, iliidhinishwa na FDA Novemba 2021 kwa saratani ya ovari na Desemba 2022 kwa ya mapafu.

Katika utafiti uliotegemewa kuipa kibali, zaidi ya robo ya wagonjwa wa ovari walipatikana na angalau kipande kimoja cha saratani ambacho macho na vidole vya daktari havikuwa vimekiona. Wakati huo huo, baadhi ya vipande vilivyong'aa vilipopelekwa maabarani havikuwa saratani. Figo nazo zina vipokezi vya foleti, hivyo hung'aa zikiwa salama kabisa. Na kuna tahadhari inayochekesha kidogo: mgonjwa huambiwa aache vidonge vya foliki kwa siku mbili kabla, la sivyo vidonge vitaziba milango ambayo rangi ilikusudia kuingilia.

Njia nyingine ni rangi iliyofungwa kinywa. Pegulisianini, iliyoidhinishwa Aprili 2024 kwa upasuaji wa saratani ya matiti, huwa imezimwa na haing'ai mpaka vimeng'enya vinavyopatikana kwa wingi kwenye uvimbe viikate. Hutumiwa baada ya uvimbe kuondolewa, kumulika shimo lililobaki na kuangalia kama pana masalio, ili mwanamke asirudishwe kwenye meza ya upasuaji wiki chache baadaye. Rangi hii hung'aa kwenye nyekundu ya mwisho, mlangoni mwa infraredi. Imewekewa onyo kali kwa sababu wachache walipatwa na mzio wa kutisha.

Mwanga unaoua

Rangi inayomeza mwanga lazima ifanye kitu na nguvu hiyo. Ikiirudisha kama mwanga, hung'aa. Isipoirudisha, huigeuza joto au huharibu kilicho jirani. Hapo ndipo uchunguzi ulipopakana na matibabu.

Hisataka Kobayashi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani pamoja na wenzake walichapisha mwaka wa 2011 njia ya kuifunga rangi iitwayo IR700 kwenye kingamwili inayotafuta seli za saratani. Mgonjwa hupewa dawa hiyo kwa dripu, kisha siku ya pili uvimbe humulikwa kwa leza ya nanomita 690. Ikiwa uvimbe uko ndani, nyuzi nyembamba za kupitisha mwanga huchomekwa hadi ulipo. Seli zilizoshikwa na kingamwili huvimba na kupasuka katika muda wa dakika chache. Jirani zake ambazo hazikushikwa hubaki.

Jinsi kifo hicho kinavyotokea kulielezwa na kundi hilo mwaka wa 2018. Molekuli ya rangi ina mikono miwili inayopenda maji. Mwanga huikata mikono hiyo, molekuli ikageuka ghafla kuwa kitu kinachochukia maji na kujikunja pamoja na wenzake, na utando wa seli ulioshikwa nayo huraruka. Ni kama mwavuli unaofungwa kwa nguvu ukiwa umenasa kwenye chandarua.

Japani iliidhinisha matibabu hayo Septemba 2020 kwa saratani za kichwa na shingo ambazo haziwezi kukatwa tena. Si tiba rahisi. Mahali palipomulikwa huvimba, jambo la hatari kwa uvimbe ulio karibu na koo, maumivu huwa makali, na mgonjwa hulazimika kukwepa mwanga mkali kwa wiki kadhaa. Ushahidi uliotolewa wakati wa kibali ulitokana na wagonjwa wachache, na Japani ilikubali dawa iingie sokoni huku uchunguzi ukiendelea.

Unga na kamera

Hospitali inayotaka kutumia indosianini hugundua upesi kwamba unga wenyewe si tatizo. Ni dawa ya kale isiyofungwa tena na hataza, huuzwa katika chupa ndogo za miligramu 25, na kiasi kinachohitajika kwa mgonjwa ni kidogo. Huyeyushwa katika maji safi ya sindano na lazima itumiwe ndani ya saa 6, kwa kuwa majini huanza kuoza. Ina iodini kidogo, kwa hiyo mwenye mzio wa iodini huepushwa nayo. Mzio mkali hutokea kwa nadra, na chumba chochote kinachoitumia hutakiwa kuwa na dawa za kuukabili.

Gharama iko kwenye kamera, leza na vichujio. Kampuni zinazoviuza huviambatanisha na mitambo yao mingine ya upasuaji, na hospitali za wilaya za nchi maskini hubaki zikitazama. Lakini kitambuzi cha kamera ya kawaida kina uwezo wa kuona infraredi. Watengenezaji ndio hukiwekea kichujio cha kuizuia ili picha zisiharibike. Wahandisi wa vyuo vikuu mbalimbali wamekiondoa kichujio hicho, wakaweka kingine na taa zifaazo, na kupata vifaa vya bei nafuu vinavyoonyesha mng'ao wa indosianini. Kutoka hapo hadi kifaa kinachokubalika chumbani mwa upasuaji kuna safari ya majaribio na vibali ambayo ndiyo inayokula fedha.

Suala la ngozi nalo halipaswi kupuuzwa. Melanini humeza mwanga unaoonekana zaidi ya inavyomeza infraredi, na daktari anapomulika kiungo kilicho wazi haina athari. Anapotazama kupitia ngozi, kwa mfano akifuatilia limfu mkononi, ngozi nyeusi hupunguza mng'ao. Kidude cha Aoyagi kimetoa funzo chungu: utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kilivyokosa kwa weupe. Kamera inayosawazishwa kwa ngozi za aina moja tu inaweza kuurudia mkasa huo.

Watafiti sasa wamegeukia dirisha la pili, kati ya nanomita 1,000 na 1,700. Huko mwanga hutawanyika kidogo zaidi ndani ya nyama, na picha huwa kali. Hongjie Dai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka wa 2009 kwamba vijibomba vya kaboni vinaweza kung'aa humo ndani ya panya, na tangu hapo rangi mpya nyingi zimebuniwa, ingawa usalama wa nyingi kati ya hizo kwa binadamu haujathibitishwa. Basi madaktari wa China walipotaka kulijaribu dirisha hilo kwa wagonjwa 23 wa saratani ya ini, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020, hawakutumia rangi yoyote mpya. Waligundua kwamba mkia wa mng'ao wa indosianini ya kijani, sehemu hafifu ambayo hakuna aliyekuwa na kamera ya kuinasa mwaka wa 1957, hufika hadi huko, na wakaitumia hiyo.